Kihenge cha Maganda ya Mgunga

Masikio yapo? Itikieni: yapo! Basi yategeni.

Hapo kale, mwaka ule mvua ilipoanza tabia ya kuchelewa, alikuwako bibi mmoja, Nyamizi. Binti yake alifariki akamwachia mjukuu mchanga, Kabula. Na Kabula, wanangu, aliishi kwa maziwa ya mbuzi mmoja tu, Kidoti. Kidoti akikosa malisho, Kabula naye anakosa maziwa. Mmeshika hapo?

Nyasi zilipokauka, watu walishika mashoka. Leo wanakata mgunga, kesho wanakata mgunga, ili mbuzi wapate kula majani. Nyamizi hakukata. Alichukua upembo, ile fimbo ndefu yenye ncha iliyopinda, akatikisa matawi: cha, cha, cha! Maganda makavu yenye mbegu ndani yakamwagika. Akayaokota, akayajaza kwenye kihenge chake cha nafaka, maana mwaka ule kilikuwa kitupu.

Lo! Chakula cha mbuzi ndani ya kihenge cha watu! Masanja, mdogo wa marehemu mumewe, alishika kiuno.

"Shemeji, mwakani utampikia Kidoti ugali?"

"Akiuomba, nitampikia," Nyamizi akajibu. Lakini moyoni aliumia, nisiwafiche.

Mwezi ukapita, mvua hakuna. Mwezi ukapita, mvua hakuna. Migunga ya watu ikabaki visiki vikavu. Nyamizi akampimia Kidoti konzi mbili asubuhi, konzi mbili jioni, na Kabula akapata maziwa yake.

Ndipo Masanja akaja, macho chini.

"Shemeji, mbuzi wangu wanakufa. Nilikucheka, nisamehe."

Nyamizi alichungulia kihenge. Kimebaki nusu. Akamtazama Kabula. Aliogopa, wanangu, aliogopa kweli. Kisha akajaza kapu.

"Chukua. Ila kinyesi cha mbuzi wako usikitupe ovyo. Kimwage pale ulipokata."

Mvua ilipokuja, kihenge kilikuwa na konzi tatu tu. Na kwenye visiki, mbegu zilizopita matumboni mwa mbuzi zikachipua migunga midogo, mingi kuliko ile ya kwanza. Masanja alisimama katikati yake akilia, akisema asante, shemeji, asante.

Kwa hiyo mti unaolisha mbuzi utikiseni, msiukate. Na anayewawekea akiba mshukuruni angali hai, kama Masanja.

Yule Kabula ndiye aliyenizaa mimi. Haya, shikeni vikombe vyenu vya maziwa, na kabla ya kunywa semeni: asante, Bibi Nyamizi!

Maneno yangu nimeyarudisha kihengeni. Mwenye njaa atayakuta humo.