Mwinchande na Mfereji wa Kivumoni

Hapo zamani, enzi ambazo wafalme waliamini kuwa hata maji hutiririka kwa amri, alikuwako Sultani Nadhiri, mtawala wa mji wa Kivumoni. Mji wote ulikunywa kwa mfereji mmoja wa mawe ulioshuka kutoka mlimani, ukajaza kwanza birika kubwa la jumba la Sultani, kisha ndipo ukaenda kwa watu. Nao ulikuwa umechakaa mno, maji yakawa yanaishia njiani wanakonufaika vyura.

Basi Sultani akamwamuru Fundi Rehani, mkuu wa waashi, aujenge upya. Fundi akasema, "Bwana wangu, chokaa haikauki ndani ya maji. Sharti niuzibe kwanza." Sultani, asiyekubali kuahirisha hata kuoga, akaghadhibika, akamtia gerezani. Ikapigwa mbiu: anayeweza kuujenga mfereji bila watu wa mji kukosa maji hata siku moja, na aje jumbani, akishindwa, atamfuata Rehani.

Maskini mmoja, jina lake Mwinchande, alisikia nusu ya mbiu tu, ile ya "aje jumbani", akadhani ni karamu. Akaazima kanzu ya jirani, akaenda mbio. Kufika, hakuona sinia wala mgeni mwenziwe.

"Wewe ni fundi?" Sultani akauliza.

"Bwana wangu, niliwahi kujenga banda la kuku. Kuku wakahama."

Baraza likacheka, lakini Sultani hakucheka. "Umekuja, umekubali. Watu wa mji wasikose maji hata siku moja. Na lolote utakalolihitaji kwa kazi hii lichukue, usinisumbue."

Mwinchande akapiga magoti. Akasema kwa sauti ndogo, "Uniwie radhi, kichwa changu ni chembamba, maneno huingia moja moja. Nawe bwana wangu, u miongoni mwa watu wa mji?"

"Mimi?" Sultani akafyonya. "Mimi si mtu wa mji. Mimi ni mwenye mji!"

"Nashukuru. Leo nimeelewa jambo, na kuelewa si kawaida yangu."

Akatoka moja kwa moja hadi gerezani, akawaambia walinzi kuwa anamhitaji Rehani kwa kazi. Fundi alipomwona aliyekuja kumkomboa, nusura aombe kurudishwa ndani. Hata hivyo wakapanda mlimani, Rehani akaziba maji kwenye chemchemi, waashi wakaanza kung'oa mawe mabovu. Mwinchande naye, asiyejua kushika mwiko, akashuka akafungua lango la jumba na kuita watu waje wachote katika birika. Wakaja wanawake na mitungi, wakaja wachukuzi na punda wao, ikawa hivyo kila siku.

Asubuhi moja Sultani alikuwa hamamuni, amejipaka sabuni kutoka utosini hadi nyayoni, mara bomba likakohoa, likanyamaza. Maji ya birika yalikuwa yameshuka chini ya tundu la bomba. Akatoka hadi birikani na shuka kiunoni, macho ameyafumba kwa povu, akipiga kelele, "Mwinchande! Nimekosa maji!"

"Pole sana, bwana wangu," akajibu Mwinchande. "Lakini je, yuko mtu wa mji aliyekosa?"

Kabla hajajibiwa, kikongwe mmoja, Bi Mwanasiti, aliyekuwa akichota kwa kata maji yaliyobaki chini birikani, akamwona mwanamume mwenye povu, asimtambue. "Mwanangu, inama nikusuuze, sabuni itakutoa macho. Shukuru yapo. Mimi nilikuwa nikiyafuata mlimani kwa miguu hii."

Sultani akainama. Kikongwe akammiminia, kata baada ya kata, hata alipofumbua macho akaona msururu wa watu wake na mitungi yao. Akaanza kucheka, kwanza kwa aibu, kisha kwa moyo wote.

Kazi ilipokwisha, maji yakafika hadi nyumba za mwisho. Sultani akamvika Rehani joho mbele ya watu, akaamuru lango la jumba lisifungwe tena kwa wachota maji, kisha akamgeukia Mwinchande. "Nawe nitakufanya msimamizi wa majengo yangu yote."

"Bwana wangu, katika kazi hii yote nilichojenga mimi ni msururu tu."

"Unatosha. Utaanza na daraja la mtoni, nalo limeoza."

Mwinchande akakuna kichwa, akautazama mto, akamtazama Sultani. "Sawa, bwana wangu. Ila kwanza, wajua kuogelea?"

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka.