Nusu ya Mafuta

Hapo zamani, katika mji wa Mwambakuu, palikuwa na mtu akiitwa Famau, fukara asiye na mbele wala nyuma, ila kikapu kimoja cha sanamu za ngozi alizorithi kwa bibi yake. Kazi yake ilikuwa mchezo wa vivuli. Hutundika shuka nyeupe, akawasha taa nyuma yake, akazipitisha zile sanamu mbele ya taa, naye mkewe Mwanatumu akayasema maneno ya kila mmoja, ya mfalme kwa sauti ya mfalme na ya punda kwa sauti ya punda. Watu walikuwa wakitazama, wakicheka na kulia, kisha wakienda zao humwambia, "Mungu akuzidishie," wala wao wenyewe hawamzidishii kitu.

Ikawa siku moja Sultani Shekuwe, mwenye mji, akapiga mbiu kwamba yu tayari kuwasaidia wenye sanaa na wenye kutunza mambo ya kale. Famau akaoga, akaazima kanzu, akaenda barazani.

"Nataka hadithi ya babu yangu Fumo Mwiru, jinsi alivyoukomboa mji huu," akasema Sultani. "Utaionyesha mbele ya Sultani wa Ukoweni atakapokuja kunizuru. Wala usipunguze hata neno moja, kwa kuwa ni urithi."

"Nasikia na kutii, Maulana. Hadithi hiyo ni ndefu. Yahitaji mtungi mzima wa mafuta ya taa."

Hapo akasogea Waziri Badi, mtu ambaye hata kivuli chake mwenyewe alikitazama kwa jicho la kukishuku. Akasema, "Maulana, cha bure hakina thamani. Hazina itoe nusu mtungi. Nusu ya pili aitafute kwa mtu mwingine, asiwe Maulana, ndipo tutakapojua kuwa mchezo wake una maana. Na akishindwa, sanamu zake zitiwe katika sanduku la hazina, zihifadhiwe."

"Zikiwa sandukuni, nani atazitazama?" akauliza Famau.

"Hapana mtu. Ndiyo maana hazitaharibika."

Sultani alipenda mashauri mafupi, akakubali, na amri ikanadiwa mji mzima.

Basi Famau akazunguka kwa matajiri. Wa kwanza akamwambia, "Kama Sultani amekwisha kukupa nusu, wewe huna shida, waachie wenye shida." Wa pili akataka babu yake naye aonekane vitani. Famau akamwuliza, "Babu yako wakati ule alikuwa wapi?" Akajibiwa, "Alikuwa hajazaliwa, lakini angalikuwapo angalipigana." Wa tatu akasema, "Nikiona umemaliza, nitakusaidia uanze." Kila mlango aliobisha alipewa kahawa na nasaha, na nasaha hazitii taa moto.

Akarudi nyumbani, akaketi kizingitini na kikapu mapajani, na uchungu ukamjaa. Sanamu zile bibi yake alizikata kwa kisu cha jikoni, jicho moja likiwa halioni, na kila moja alimfundisha inavyotembea. Kuzitia sandukuni kulikuwa sawa na kumzika bibi yake mara ya pili.

"Sultani amekupa nini?" akauliza Mwanatumu.

"Nusu."

"Basi nawe mpe nusu."

Famau akamtazama mkewe, kisha akacheka. Wakatia tone la mafuta katika taa, wakaisema hadithi toka mwanzo ili wajue tone hilo huwaka kwa maneno mangapi, hata wakajua nusu mtungi itawafikisha wapi.

Ikawadia siku ya ugeni. Madirisha ya ukumbi yakafungwa, masultani wawili wakaketi bega kwa bega, na matajiri wote nyuma yao. Taa ikawaka. Ukatokea mji wa Mwambakuu, likatokea na jeshi la Ukoweni linakuja kuuteka, mbele yake babu wa yule mgeni. Wakapigana. Fumo Mwiru akashindwa, akakimbia juu ya punda, naye kampanda kinyumenyume kwa hofu. Punda akamtupa matopeni, kilemba kikaenda upande wake. Babu wa Ukoweni akaja, akaweka mguu juu ya mgongo wake, akacheka kwa sauti ya Mwanatumu, na ilikuwa sauti kubwa. Mgeni naye akacheka, akajipiga mapaja. Mara taa ikafifia, ikazima.

Madirisha yakafunguliwa. Famau alikuwa amesimama mikono nyuma.

"Endelea," akasema Sultani Shekuwe.

"Mafuta yamekwisha, Maulana."

"Babu yangu umemwacha matopeni!"

"Yumo, Maulana, nami namwonea huruma. Atainuka katika nusu ya pili, tena atashinda vizuri sana. Lakini nimepewa nusu, na nusu nimeionyesha, sikuiba hata tone."

"Kwa nini hukuifupisha?"

"Niliamriwa nisipunguze neno."

Mgeni akapangusa machozi ya kicheko. "Ndugu yangu Shekuwe, mimi imenitosha. Nitakwenda kuisimulia kwetu hivi hivi." Kisha akamgeukia Famau. "Ewe bwana, nitakujazia mtungi, na juu yake nguo za mkeo, kwa sharti moja: babu yangu asiondoe mguu."

Nyumbani kwa Famau siku ile jikoni hapakuwa na moto, na nguo ya Mwanatumu aliijua ilivyochakaa. Hata hivyo akasema, "Bwana wangu, mafuta ningeyapokea kwa mikono miwili. Lakini mguu huo si wangu. Bibi yangu aliniachia ukiondoka, nami sina ruhusa ya kuurudisha."

Sultani Shekuwe akasema, "Leteni mafuta ya hazina upesi."

Famau akainama. "Haifai, Maulana. Imenadiwa kwamba nusu ya pili itoke kwa mtu mwingine, asiwe Maulana."

Neno la Sultani halirudishwi mbele ya mgeni. Sultani akageuka kuwatazama matajiri, nao wote kwa pamoja wakaanza kukagua viatu vyao. Akatazama huku, akatazama kule, jicho likamwangukia mtunga sharti.

"Badi," akasema kwa upole, "wewe ni mimi?"

"Hasha, Maulana! Mimi ni nani hata niwe wewe?"

"Basi wewe ni mtu mwingine."

Mgeni alikuwa wa kwanza kucheka, akafuata Sultani, kisha ukumbi mzima, isipokuwa waziri, aliyekuwa amekwisha kutoka kwenda kwake kuchukua mtungi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Waziri akarudi na mafuta, taa ikawashwa tena. Mguu ukaondoka, Fumo Mwiru akainuka matopeni, akaukomboa mji neno kwa neno, na mgeni akakiri kwamba babu yake alishindwa kiungwana. Sultani akamwambia Famau, "Kuanzia leo, kila mwaka mtungi wako utatoka hazina ukiwa mzima, na sanamu zitakaa kwako zikitembea."

Watu walipoondoka, Famau na mkewe wakamkuta Waziri Badi angali ameketi mbele ya shuka tupu, macho yamemlowa. Alikuwa hajapata kutazama mchezo wowote mpaka mwisho.

"Yule punda," waziri akamwuliza Mwanatumu taratibu, "alirudi kwa bwana wake?"

"Hiyo ni hadithi nyingine, bwana waziri," akasema Mwanatumu akikunja shuka. "Nayo ni ndefu kuliko hii."

Waziri akauliza itahitaji mitungi mingapi.