Mfenesi Uliofunikwa na Upupu

"Mvivu wa kufyeka husema mti hauzai." Ndivyo mwalimu alivyomwambia Kibwana darasani, baada ya Kibwana kudai kwamba hesabu haziingii kichwani mwake. Jioni yake yeye na dada zake wawili walimfuata Bi Mwanamkuu, shangazi wa baba yao, jikoni alikokuwa akichambua mbaazi, wakamuuliza msemo huo umetoka wapi.

"Kaeni," akasema. "Na mikono isikae bure, chambueni. Kila methali ina siku yake ya kuzaliwa, na hii ilizaliwa hivi."

Palikuwa na kijana upande wa Muheza, jina lake Mbaruku. Sura alikuwa nayo, maneno matamu alikuwa nayo, ila yeye na panga walikuwa hawasalimiani. Aliishi na bibi yake, Bi Mwanjaa. Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja alichoachiwa na marehemu babu yake, na katikati ya kiwanja mfenesi mkubwa. Lakini mfenesi wenyewe ungeuonea wapi? Magugu yalifika kifuani, na upupu, ule mmea wenye kuwasha kama laana, ulikuwa umelivaa shina lote. Bibi akimwambia afyeke, Mbaruku hujibu, "Nifyeke nikatafute nini, bibi? Mfenesi wenyewe hauzai." Akasema hivyo mwaka wa kwanza, akasema mwaka wa pili, mwishowe hata majirani wakaamini.

Basi akampenda Zaujia, binti wa kijiji cha pili. Alimpenda mpaka chakula hakipiti! Posa ikapelekwa, na shangazi wa binti, Bi Mashavu, akaja kupaona mahali mtoto wao atakapoishi. Alilitazama lile pori, akashika kiuno.

"Hapa ndipo mnapotaka kumleta mtoto wetu? Alale na nyoka?"

"Nitalifyeka, shangazi," akasema Mbaruku, jasho linamtoka.

"Ijumaa narudi. Nikikuta pori, posa yenu mtaichukua. Na miti mikubwa uniachie, Zaujia hakulelewa juani." Kisha Bi Mashavu akanusa. "Mbona nasikia harufu ya fenesi bivu?"

"La jirani hilo, shangazi."

Jumatatu Mbaruku alinoa panga. Jumanne akalinoa tena. Jumatano alifyeka pembeni kidogo, akapumzika mpaka Alhamisi. Ijumaa asubuhi moyo ukamruka, akamwona Zaujia anamponyoka hivi hivi. Akachukua shoka.

"Shoka la nini?" akauliza bibi yake.

"Nauangusha mfenesi. Ukianguka utaanguka na upupu wake wote, kazi imekwisha."

"Umeambiwa miti uiache."

"Mti usiozaa nani ataulilia?"

Bibi na mjukuu ni watani, kwa hiyo Bi Mwanjaa hakugomba, alicheka. "Haya, mume wangu. Na hilo shoka litafikaje shinani? Litaruka? Fyeka njia kwanza."

Mbaruku akaweka shoka chini, akashika panga, akaanza kufyeka kuelekea shinani huku akinung'unika. Alipolifikia shina akaurarua upupu kwa hasira, akapiga panga. Pwaa! Likazama kwenye kitu laini. Akavuta majani pembeni, akaona fenesi kubwa kama mtungi. Juu yake jingine. Kando yake mawili. Mengine yalikuwa chini kabisa, yamelalia mizizi. Masikini Mbaruku! Mfenesi huzaa shinani, na yeye miaka yote alikuwa akitazama juu matawini.

"Bibi!" akapiga kelele. "Bibi, unazaa! Mti unazaa!"

Shoka akalisahau. Alifyeka siku ile kama mtu aliyepandwa na shetani, magugu yakilala huku na huku, mpaka mfenesi ukabaki umesimama peke yake na kivuli chake chote. Lakini utomvu wa fenesi ulikuwa umeinatisha mikono yake kwenye mpini wa panga, na upupu umemwingia mgongoni. Anawashwa, kujikuna hawezi. Bi Mashavu alipoingia uani alimkuta mkwe wake anarukaruka na kujisugua kwenye nguzo ya nyumba kama mbuzi.

Bi Mashavu alicheka mpaka akaketi chini. Akaagiza mafuta ya kumtoa utomvu mikononi, na majivu ya kumpaka mgongoni. Kisha akauzunguka mfenesi polepole, akigusa tunda moja moja.

"Kumbe yule jirani ni wewe mwenyewe!" akasema. "Mwanangu, mti huu haukuwa na kosa. Mvivu wa kufyeka husema mti hauzai. Haya, lete kisu tule. Na harusi itakuwa hapa hapa, chini ya kivuli hiki."

Ikawa hivyo. Vigelegele vilipigwa chini ya mfenesi ule, wageni wakala mpaka wakabeba, na Zaujia akapewa fenesi la kwanza kabisa, lile lenye kovu la panga.

Bi Mwanamkuu alipeta mbaazi zake, akamtazama Kibwana. "Zile hesabu, ulisema haziingii. Daftari ulilifungua lini mara ya mwisho?"

Dada zake wakaangua kicheko. Kibwana naye akacheka, akainuka kwenda kulitafuta daftari. Alipofika mlangoni wakamsikia akijisemea, "Mvivu wa kufyeka husema mti hauzai."