Besi Nyuma ya Tanuri

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wazee huitumia methali hii kumkanya mtu anayejiona anaweza kila kitu peke yake, nao hawakukosea. Lakini wanasahau kwamba hata kile kidole cha pili kina maradhi yake. Hujiona hakina kazi, kikanuna, kikakaa kando, na chawa akaendelea kunyonya damu ya watu. Maradhi hayo yalimpata Placide, mwanafunzi wa shule ya misheni huko Kasongo, enzi za Wabelgiji.

Placide alikuwa mzaliwa wa Kabambare, mtoto wa pekee wa mjane aliyeitwa Véronique, mkulima wa mihogo na karanga. Alipelekwa Kasongo juu ya lori la pamba, lori likakwama matopeni, akafika shuleni wenzake wamekwisha kuanza. Kuchelewa huko ndiko kulikomponza. Shule ile ilikuwa na makundi ya kila namna ya kuwashughulisha vijana baada ya masomo. Palikuwa na timu ya mpira, kwaya, kundi la mazoezi ya viungo, na juu ya yote fanfari, yaani bendi ya matarumbeta, iliyopita barabarani siku za sikukuu na kaptula nyeupe zilizopigwa pasi. Placide alipoiona mara ya kwanza alisahau hata njaa. Aliomba kuingia, akakubaliwa, ila vyombo vyote vilikuwa vimekwisha kugawiwa. Kilichobaki kilikuwa besi, tarumbeta kubwa kuliko yote, lenye mdomo mpana kama sinia, ambalo kila mtu alikuwa amelikwepa.

"Sina ingine," alisema Mwalimu Théophile, kiongozi wa fanfari, mtu mwembamba aliyebana maneno kama anayalipia. "Chukua hii. Fanfari bila besi ni mutu bila miguu."

Placide aliichukua. Ilikuwa nzito, imebonyea ubavuni, lakini hayo angeyavumilia. Lililomuumiza ni kwamba besi haikupewa wimbo. Wenzake walifundishwa nyimbo. Yeye alifundishwa kupiga bu, kunyamaza, kisha kupiga bu tena. Na kwa kuwa mngurumo wake uliwavuruga wanaojifunza, alitumwa kufanyia mazoezi nyuma ya tanuri la matofali, mbali na madarasa. Huko ndiko alikokaa kila jioni, yeye na majivu na mbuzi wa mapadri, huku nyimbo tamu zikimjia kwa upepo kutoka walikokuwa wenzake.

Aliyepiga tarumbeta la mbele alikuwa Raphaël, mtoto wa karani wa hapo Kasongo, kijana mwenye kifua kipana na ulimi mwepesi. Siku moja alimwambia mbele ya watu, "Ndugu wa Kabambare, viboko wa mto Lualaba wanauliza shida yako ni nini. Unawaita kila siku, na hauwaambie kitu." Wote walicheka mpaka wakashika mbavu. Placide naye alicheka, maana mgeni asipocheka huchekwa zaidi. Kisha akaenda nyuma ya tanuri na siku hiyo hakupiga chochote.

Upweke ulimla. Hapakuwa na mtu shuleni wa kusema naye Kibangubangu, lugha ya kwao. Jumapili mama za wenzake walikuja na vikapu vya chakula, wakawatazama watoto wao wakila, wakawasuta kwa kuchafua mashati; yeye alijifanya ana nguo za kufua mtoni. Likizo kubwa ilipofika, mvua ilikuwa imebomoa daraja la njia ya Kabambare, akabaki peke yake katika bweni lenye vitanda vya watu wengi. Hapo ndipo alipoanza kuinama juu ya mdomo wa besi na kutaja ndani yake majina ya vitu vya kwao: kinu, jembe, kuku mweupe wa mama. Besi ilimrudishia sauti yake, nene kidogo, na aliona afadhali hiyo kuliko kimya.

Mwaka wa pili ikaja habari iliyomfufua. Misheni ya Kabambare ilikuwa imepata kengele mpya ya kanisa, na fanfari ya Kasongo ingekwenda kuipokea. Placide alimtafuta Faradji, dereva wa lori aliyepita njia ile, akamwambia, "Baba Faradji, mwambie mama mimi niko katika fanfari. Aje anisikie."

Faradji alipeleka ujumbe na kurudi na jibu. "Mama yako amefurahi sana. Atakuja. Lakini anauliza atakujuaje, vyombo viko vingi?"

Placide alijibu, "Atanijua tu." Tangu saa hiyo swali lile halikumtoka moyoni. Alizidisha mazoezi nyuma ya tanuri hadi midomo ikavimba. Hakutaka sifa za Kasongo wala za mapadri. Alichotaka ni mama yake asimame katikati ya watu aseme, huyu ninayemsikia ni mwanangu.

Siku ilifika. Padri mkuu alitaka kengele iingie mjini mabegani mwa watu, kwa heshima, basi ikafungwa kwenye mipiko miwili na kubebwa na wanaume wanane. Aliyewaongoza alikuwa Lukumani, Mwislamu wa mjini, mchukuzi tangu ujana wake. Alisema wazi kwamba kengele si ya dini yake, lakini mzigo ni mzigo. Wachukuzi walikaa nyuma ya fanfari, na nyuma yao watu wote wa Kabambare. Mwalimu Théophile aliinua mkono na msafara ukaanza kupanda kuelekea kanisani.

Ulikuwa msafara mzuri kweli. Tarumbeta la Raphaël lilipaa, ngoma zikaitika, akina mama wakapiga vigelegele. Placide alipiga bu, bu, huku macho yake yakipekua nyuso za watu kandokando ya njia. Akamwona. Véronique alikuwa amesimama karibu na kisima, amejifunga kitambaa kipya kichwani, amekonda kuliko alivyomwacha. Alikuwa akitafuta. Macho yake yalipita kwa mpiga ngoma, yakapita kwa Placide bila kutua, maana mdomo wa besi ulimfunika uso wote, yakasimama kwa Raphaël. Hapo Véronique akatabasamu, akainua mikono juu, akapiga makofi.

Hata mama, Placide alijisemea. Hata mama yangu mzazi anasikia kile kitarumbeta. Akakumbuka majivu na mbuzi wa nyuma ya tanuri. Kama hakuna anayenisikia, alisema moyoni, basi ninyamaze tuone nani atajua. Akaishusha besi kifuani na kutembea bila kupiga.

Mwanzoni Raphaël aliendelea bila besi, kisha wimbo ukaanza kumkimbia. Aliongeza mwendo bila kujua, mpiga ngoma akabaki nyuma, wa katikati hawakujua wamfuate nani. Nyayo za wachukuzi zikachanganyika. Wa mbele alikanyaga mguu wa kulia, wa nyuma wa kushoto, kengele ikaanza kuyumba kwenye mipiko. Lukumani alipaza sauti wasimame, lakini alikuwa amechelewa. Mpiko mmoja ulimteleza ukamchuna bega, na kengele ikaanguka ubavu kwenye matope, ikatoa mlio mmoja mbaya uliowanyamazisha watu wote.

Wengine walinong'ona kwamba ni nuksi. Padri mkuu alimgeukia Raphaël na kumwuliza kama hivyo ndivyo alivyofundishwa, kukimbia na wimbo kama mwizi wa kuku. Raphaël alisimama pale, asijue alichokosea.

Lukumani alifuta damu begani kwa kiganja, akamwendea Mwalimu Théophile. "Mwalimu, ile bu imekwenda wapi? Hivi vitarumbeta vidogo vinaringa tu. Sisi tulikuwa tunatembea na ile bu."

Mwalimu Théophile aligeuka akamtazama Placide, na besi iliyolala kifuani pake. Placide alitamani ardhi impasukie. Mwalimu alisema kwa sauti ya chini, "Shika kazi yako."

Wachukuzi waliinua kengele tena. Placide akapiga bu, akapiga tena. Peke yake ilikuwa sauti ya kuchekesha, haikuwa wimbo, na watoto walicheka kweli. Lakini nyayo za wanaume wanane zikakaa pamoja. Raphaël akavuta pumzi, akaingia juu yake taratibu, ngoma zikafuata, na kengele ikafika kanisani ikiwa na matope upande mmoja.

Jioni, lori likiwa tayari kuondoka, Véronique alimfikia mwanawe na kifuko cha karanga za kukaanga. Alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku kumwona alivyokua. Muda ulikuwa mfupi, na Placide alikuwa na swali moja tu.

"Mama, ulinisikia?"

"Mwanzo hapana," alisema Véronique. "Nilisikia makelele mazuri tu. Nikaangalia yule kijana wa mbele, nikasema labda mutoto wangu iko karibu naye. Nikamupigia makofi, ili na wewe upate kidogo."

Placide alishindwa kuinua macho.

"Kisha kitu kikaondoka chini ya ule wimbo," mama aliendelea, "kama mtu amenivutia mkeka niliokalia. Nikasema, huyo ni Placide. Tangu utoto wako, ukinuna unanyamaza. Nimekujua uliponyamaza, mutoto wangu. Usinijulishe tena namna hiyo."

Faradji alipiga honi. Véronique alimwekea kifuko mkononi akarudi nyuma, na lori likaondoka. Placide alimtazama mpaka kitambaa kile kipya kikapotea kwenye vumbi. Alikuwa ameungoja mkutano huo karibu miaka miwili, nao ukaisha kabla hajamwambia lolote la maana.

Ndani ya lori wenzake walimshukia Raphaël. Walimwambia amewaaibisha, kiburi chake kimeangusha kengele ya watu. Raphaël alikuwa amejikunyata pembeni, analia kimya, na hapo Placide angeweza kutulia na kula karanga zake. Hakuna aliyemshuku zaidi ya mwalimu. Lakini maneno ya mama yalimchoma.

"Si Raphaël," alisema. "Ni mimi. Nilinyamaza makusudi."

Waliokuwa wamekaa karibu naye walisogea kidogo, na safari yote hadi Kasongo hakuna aliyemsemesha. Siku zilizofuata zikawa vivyo hivyo, bwenini na mezani. Placide hakulalamika, kwa kuwa safari hii upweke alikuwa ameununua mwenyewe. Kila jioni aliibeba besi yake nyuma ya tanuri na kupiga bu bila kukosa hata moja, ingawa mbuzi tu ndio waliomsikiliza.

Jioni moja akasikia matofali yakigongana. Raphaël alikuwa amekuja na tarumbeta lake, akaketi juu ya rundo la matofali yaliyovunjika. Alizungusha tarumbeta mikononi.

"Siku ile nilianguka kama mtu aliyekanyaga hewa," alisema. "Sikujua muda wote nilikuwa nikikanyaga juu ya bu yako." Kisha akaongeza, kama anayeona haya, "Kule darasani nimejaribu peke yangu. Wimbo haukai. Anza wewe."

Placide alilamba midomo yake, akainua besi, akapiga bu. Raphaël akapanda juu yake na wimbo, na huko nyuma ya tanuri, kwa mara ya kwanza tangu Placide aje Kasongo, pakasikika wimbo mzima. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.