Ukosi Mweupe wa Kunguru wa Mlimani

Enzi hizo kunguru wa mlimani alikuwa mweusi tii, shingo na yote, na theluji ilikuwa haijui mipaka. Ilikaa kileleni, lakini ikijisikia ilishuka mpaka mashambani. Kwa kuwa kunguru ndiye aliyelala juu kuliko viumbe wote, watu walimpa kazi ya kuwaambia hali ya hewa. Kila asubuhi alitua uzioni, akatupiwa kipande cha nyama, akasema aliyoyaona.

Ila alikuwa na neno moja lililowachosha watu: huenda. Mwaka mmoja alisema huenda theluji ikashuka, watu wakafunika ulezi wao wote kwa majani ya migomba. Theluji haikuja. Ulezi ukavunda humo gizani, wakala ndizi tupu mpaka wakazichukia. Tangu hapo kunguru akisema huenda, hata watoto walimzomea.

Basi palikuwa na mjane mmoja, Mkunde, aliyekuwa akimwoza bintiye Ndeshi. Na kule mlimani, sikilizeni vizuri, harusi bila pombe ya ulezi si harusi, ni watu wamekaa tu. Mkunde alipanda mbegu zote alizokuwa nazo, hakubakiza hata ya kuonja. Kipupwe kilikuwa kimekwisha, jua lilikuwa la upole, nyuki walivuma, na ulezi ulikuwa umechipua shamba zima. Mkunde alikuwa na furaha, kila akipita pale alijiimbia.

Ndipo kunguru akatua uzioni, manyoya yamemsimama. "Huenda theluji ikashuka leo," akasema.

"Huenda!" Mzee Mlaki, jirani yake Mkunde, alicheka mpaka akashika mbavu. "Na jua lote hili? Shemeji, usimsikilize huyo. Anatafuta nyama."

Mkunde hakucheka. Akifunika na theluji isije, ulezi utavunda. Asipofunika nayo ikaja, utaungua kwa baridi. Akikosea, Ndeshi hana harusi.

"Itashuka au haitashuka?" akamuuliza kunguru kwa ukali. "Nipe neno moja!"

"Mama, ningekuwa nalo ningekupa. Wingu limesimama kileleni. Laweza kushuka, laweza kwenda zake."

"Haya, shamba lingekuwa lako, ungefanyaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kunguru aliutazama ulezi, akasema, "Ningefunika nusu."

Mzee Mlaki alisema ujinga ameuona mwingi, lakini wa nusu nusu hajapata kuuona. Mkunde na Ndeshi walikata majani, wakafunika nusu ya shamba, nusu wakaiacha iote jua. Kunguru naye hakuondoka. Alijikunyata pale uzioni, kichwa chini, maana masikini na yeye alitaka kujua kama ni mwongo.

Alasiri upepo ukageuka. Theluji ikashuka, ikajaza mashamba, ikamlalia kunguru ukosini. Kesho yake jua lilipoiyeyusha, mashamba yote yalikuwa yameungua, na nusu ya Mkunde iliyokuwa wazi vilevile. Lakini alipofunua majani, ulezi ulikuwa wa kijani, umesimama. Mkunde alipiga vigelegele peke yake shambani. Kisha akaenda kumpangusa kunguru theluji iliyobaki ukosini, akasugua, akasugua, wapi! Haikutoka.

"Iache, mama," kunguru akasema. "Wakiisahau siku hii, wataiona."

Ulezi ulikomaa, harusi ikafanyika. Pombe ya nusu shamba haikuweza kutosha ukoo wa bibi na wa bwana harusi, hivyo Mkunde alimjazia kila mgeni kata ya kunywea hadi nusu. Mzee Mlaki alipopokea yake aliitazama, akacheka tena, ila safari hii alijicheka mwenyewe. "Shemeji," akasema, "nusu ni tamu."

Na tangu siku hiyo kunguru wa mlimani ana ukosi mweupe pepepe. Akija ni mweusi, akigeuka ni mweupe, wala hakuna anayemlazimisha aseme ndiyo au siyo. Wanawake wakimwona amejikunyata uzioni wakati wa jua, hufunika nusu ya shamba, wakaendelea na kazi zao. Na kwenye harusi zetu kata ya kwanza hujazwa nusu. Ukipewa, mgeni wetu, usinung'unike. Kunywa, kisha umshukuru mama wa bibi harusi.