Cheri Kumi na Mbili

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa na mafundi wawili waliopeana migongo. Upande wa dirisha ilikaa cherehani ya binti, kwa kuwa uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi unadai mwanga. Upande wa ukuta ilikaa meza ya baba yake, fundi saa, yenye droo ndogondogo thelathini na sita, kila moja na kibandiko chake: skrubu, springi, mishale, vioo, mikanda. Miaka mingi ilipita bila saa hata moja kufunguliwa pale, maana macho ya mzee yalikwisha kuingia ukungu. Hata hivyo meza ilibaki mwiko. "Ukipuliza vumbi tu hapo," alimwambia bintiye, "umenipotezea skrubu ambayo haitengenezwi tena duniani." Binti alifagia mpaka kwenye miguu ya meza, akaishia hapo.

Mzee alikuwa na kisukari. Kisukari ni mgeni asiyeaga: ukimpa kiti atataka kitanda, ukimpa kitanda atataka mguu wako. Binti alilijua hilo vizuri, kwa kuwa mama yake aliondoka kwa njia hiyo, kipande baada ya kipande. Mama alipozikwa, binti aliacha kazi katika karakana ya sare, akahamishia cherehani nyumbani, akaapa kuwa baba hataondoka vile. Akanunua mizani ya jikoni. Alipima wali, alipima viazi, alipima mkate. Asubuhi alimtoboa mzee kidole, akaandika tarakimu kwenye daftari, akamchoma insulini tumboni. Jioni alimwosha miguu na kuchungulia kati ya kidole na kidole kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Kwa miaka minne mzee hakupata hata lengelenge.

Kwa wema huo, mzee alimpa jina. Alimwita Mizani.

"Mizani, leo umenipimia pumzi ngapi?" aliuliza mbele ya wageni. Wageni walicheka, na Mizani naye alicheka, maana asiyecheka utani wa baba yake huonekana ana kinyongo.

Mizani alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitindamimba wa nyumba, ambaye wote walimwita Kitinda. Huyu alifanya kazi kwenye ghala la baridi la matunda, yanakoshushwa maboksi yanayotoka nchi za mbali. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, akinukia marashi, akianza kucheka tangu mlangoni. Mzee akisikia tu breki za pikipiki yake alinyoosha kola. "Dume langu hilo!" alisema. Mizani hakuwahi kuitwa "langu" wala "wangu".

Jumapili moja Kitinda alikuja na boksi la cheri: vitunda vyekundu kama damu iliyokolea, ukubwa wa gololi, vyenye kikonyo kirefu na mbegu moja ngumu ndani.

"Umeleta sukari nyumba hii?" Mizani aliuliza.

"Dada, hilo ni tunda, si peremende! Limeota mtini. Mungu hakuchovya mti kwenye bakuli la sukari."

Mizani hakubisha, wala hakukubali. Siku ya kliniki alimuuliza daktari, mama mmoja mwenye miwani minene asiyependa maneno mengi.

"Cheri si adui," daktari alisema. "Hazipandishi sukari kwa pupa. Mpe mbichi, kumi na mbili kwa siku, pamoja na chakula, na wali umpunguzie kidogo. Kumi na mbili, dada, si bakuli."

Mizani alirudi nyumbani akitembea upesi kama aliyeshinda kesi. Miaka minne alikuwa amebeba "hapana" mdomoni. Leo alikuwa amebeba "ndiyo". Alizichambua cheri zilizo nzuri, akazipanga juu ya kisahani cheupe, akamwekea baba yake.

Mzee aliziinamia. "Ndizo hizi?"

"Ndizo, baba. Daktari mwenyewe kakuruhusu."

"Mwanangu kaleta boksi zima, wewe unanipa za kuhesabu kwa vidole!"

"Vidole vyote kumi, baba, na viwili vya mguu nimekuongezea."

Mzee hakucheka. Mizani akaongeza, kwa sauti ya kawaida, "Na mbegu uniachie kwenye kisahani, nijue umemaliza."

Neno hilo lilimchoma mzee kuliko sindano zote alizowahi kuchomwa. "Mimi!" alisema. "Mimi niliyekuwa nikihesabu meno ya gurudumu la saa kwa jicho moja, leo nahesabiwa mbegu kama kasuku!"

Kitinda alipokuja tena alileta maboksi mawili. Moja alilipeleka jikoni kwa dada yake. La pili alimfungulia mzee pale pale mezani, wakati Mizani akichemsha chai.

"Hizi zako, baba, wewe na roho yako. Dada asijue, ataita polisi."

Wakacheka kwa kuziba midomo, baba na mwana, huku wakizijaza droo. Cheri saba kwenye skrubu, saba kwenye springi, saba kwenye mishale. Tangu siku ile, cherehani ikianza kuunguruma, droo ilifunguka. Mlio mmoja ulimeza mlio wa pili. Mbegu zilirudi kimya kimya mahali zilipotoka. Kwenye kisahani ziliachwa kumi na mbili, safi kama ushahidi. Kitinda akaanza kuja kila Jumapili, na Mizani akamshukuru Mungu kwamba mdogo wake amekumbuka nyumbani.

Basi sukari ikapanda. Kwenye daftari nane ikawa kumi na moja, kumi na moja ikawa kumi na tano, kumi na tano ikawa kumi na nane. Mizani alipunguza wali. Akaondoa viazi. Akadhani kipimo kimeharibika, akajitoboa kidole mwenyewe: tano na nusu. Kipimo kilikuwa kizima. Akalala na daftari kifuani, akitafuta kosa lake.

Daktari alilipekua daftari ukurasa kwa ukurasa. "Dada, unampa nini huyu mzee?"

"Ninachoandika hapo, daktari. Sijaongeza hata punje."

"Na cheri?"

"Kumi na mbili. Mbegu nazihesabu."

Daktari alimgeukia mzee. "Mzee wangu, kuna kingine unachokula?"

Mzee alitazama feni ya darini. "Mimi nakula ninachopewa, daktari. Unayemwona hapa ni mfungwa."

Daktari akatabasamu, kisha akaacha. Alikata uniti kumi na nne za insulini, akaandika ishirini. Wiki tatu baadaye, sukari ikiwa haijashuka, akakata ishirini, akaandika ishirini na nane. Mizani alizisoma tarakimu zile mara mbili, lakini daktari ni daktari.

Dereva wa teksi, jirani yao, ndiye aliyewarudisha nyumbani. "Mzee, una binti wa dhahabu," alisema.

"Dhahabu ni nzito, mwanangu," mzee akajibu. "Ijaribu kuivaa shingoni kutwa."

Msimu wa cheri una mwisho, kama kila msimu. Siku moja ghala likapokea maboksi ya mwisho, na Kitinda, akiwa hana cha kuleta, naye akaacha kuja. Droo zikabaki na mbegu tupu. Mzee alilijua hilo, na Kitinda alilijua hilo. Insulini peke yake haikuambiwa.

Asubuhi ya Jumamosi Mizani alipima akapata saba. Nusura apige vigelegele. Akamchoma baba yake zile ishirini na nane kama ilivyoandikwa, akampa uji. Mzee alikunywa nusu, akasema hana hamu. Mizani akaketi kwenye cherehani akiwa na moyo mwepesi, akaanza kushona mifuko ya sare za shule.

Saa nne hivi alisikia kikombe kikianguka. Aligeuka. Baba yake alikuwa amelowa jasho kama aliyenyeshewa, midomo inacheza, macho yanamtazama bila kumjua. "Nani kafungua maji?" mzee aliuliza, kisha akateleza kutoka kwenye kiti.

Kipimo kilisoma moja nukta tisa. Mizani alikimbilia jikoni, akapanda juu ya ndoo, akashusha kopo la sukari ya wageni. Yeye aliyeificha sukari miaka minne, sasa aliichota kwa kidole akaisugua kwenye fizi za baba yake, huku akilia, "Kula, baba. Kula. Kula yote." Kisha akamwita dereva wa teksi kwa sauti iliyosikika mtaa wa pili.

Hospitalini walimtundikia dripu, wakamwambia Mizani akalete kitambulisho cha mgonjwa. Dereva alimrudisha mbio. Kabatini hakikuwemo. Chini ya godoro hakikuwemo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mizani alisimama mbele ya meza ya saa, akavuta droo.

Harufu ilimpiga kwanza, chachu kama ya togwa iliyosahauliwa. Droo ya skrubu, mbegu. Droo ya springi, mbegu na vikonyo. Droo ya vioo, mbegu zilizogandana kwa wekundu mkavu. Alivuta zote thelathini na sita. Hakulia. Alichukua mfuko wa sare ambao haujapata shati, akazimimina humo, akachukua na kitambulisho kilichokuwa chini ya mikanda.

Alipofika wodini, mzee alikuwa amezinduka, ameegemea mto, na Kitinda amesimama kando yake. Daktari alikuwa akieleza kwamba dozi ile ilikuwa kubwa mno kwa mtu anayekula kidogo vile.

"Nani anachoma sindano?" Kitinda aliuliza, akijua jibu.

"Mimi," Mizani akasema. "Mimi nachoma. Nachoma kilichoandikwa kwa sababu ya sukari ambayo sikujua inatoka wapi. Sasa najua." Akaumimina ule mfuko juu ya shuka. "Baba, waambie. Sitaki kitu kingine. Waambie tu."

Mzee alizitazama mbegu, akamtazama mwanawe wa kiume. Neno moja tu lilitakiwa. Akafumba macho, akasema:

"Hizo zake huyo Mizani. Alikuwa akizila mwenyewe, mimi ananipa kumi na mbili."

Mizani akamgeukia mdogo wake. Kitinda, aliyezijaza droo zile kwa mikono yake, alikuwa akisoma tangazo la kunawa mikono ukutani.

"Kitinda."

"Dada, tusigombane mbele ya mgonjwa."

Daktari alivua miwani yake, akaifuta taratibu. "Mzee," alisema, "mimi unaweza kunidanganya. Binti yako unaweza kumdanganya. Damu haidanganyiki." Akapunguza dozi, akatoka. Alikuwa ameelewa, lakini daktari hutibu ugonjwa, hatibu familia.

Mzee alikataa kurudi nyumbani kwa "mtu aliyetaka kuniua". Akaenda kwa Kitinda. Huko hapakuwa na mizani wala daftari, na kila mtu alikula alichotaka. Hapakuwa pia na mtu wa kupiga magoti akachungulie vidole vya mguu wa mzee. Kiatu kipya alichonunuliwa na mwanawe kilimchubua kisigino, naye hakuhisi, kwa kuwa miguu ya kisukari haina habari na mwenyewe. Kidonda kilipoanza kunuka, mke wa Kitinda alinyunyiza marashi chumbani. Walipokumbuka hospitali, mguu ulikuwa umekwisha kuwa mweusi. Ukakatwa chini ya goti.

Mwezi wa tano tangu aondoke, gari la ghala lilisimama mlangoni kwa Mizani. Kitinda alimshusha baba yake, akamkalisha kwenye kiti, akaweka na mfuko wa nguo.

"Dada, nyumba yangu ndogo. Na mke wangu si mtu wa vidonda. Wewe ndiye mwenye uzoefu."

Akaondoka kabla chai haijachemka.

"Mkatae," dereva wa teksi alimnong'oneza Mizani. "Mbele za Mungu na watu, una haki."

"Baba hakataliwi," Mizani alisema. Akaingia ndani, akapima sukari, akafungua ukurasa mpya.

Wiki ile alishona kiatu cha kitambaa laini, kisicho na mshono kwa ndani, chenye pamba kisiginoni, kwa ajili ya mguu uliobaki. Alikishona mara tatu, akakifumua mara mbili, mpaka alipopitisha mkono ndani asihisi hata fundo la uzi. Jioni dereva alipita kumjulia hali mzee, akamkuta Mizani amepiga magoti sakafuni akimvisha.

"Mzee, umepewa kiatu cha kifalme!" dereva alisema.

"Kiatu gani? Soksi ya mtoto hii," mzee akasema. "Mwanangu wa kiume alininunulia cha ngozi. Huyu alinihesabia matunda kama askari jela, akanichoma sindano nusura nife, na leo ananivisha matambara nionekane ombaomba."

"Baba, tulia kidogo, bado kamba," Mizani alisema.

Mzee aliuvuta mguu wake, akautupa kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, ukampata bintiye kifuani, naye akaanguka chali. Dereva akainuka. Mizani alimwashiria kwa mkono akae. Alijikusanya, akarudi magotini, akaukamata mguu ule ule, akautazama kwanza kama umeumia, halafu akafunga kamba.

Waliosema shukrani ya punda ni mateke hawakukosea. Walichosahau kuongeza ni kwamba punda akibakiwa na mguu mmoja, hupiga kwa huo huo.