Nondo za Bibi Subilaga

Nondo haimjui mwenye nyumba. Asubuhi fundi alipoutaja msemo huu mlicheka, kisha mkaniuliza umetoka wapi. Ulitoka nyumbani kwangu, wanangu, na mwanzo wake ni huu.

Mwaka ule wezi wa mtaa wetu walikuwa wakingoja misiba. Kwetu mtu akifa, mtaa mzima huenda kuzika, na nyumba hubaki tupu. Tulikwenda kumzika mzee mmoja, tuliporudi tukakuta dirisha limeng'olewa, redio na cherehani yangu havipo. Tangu siku hiyo mume wangu, Anyosisye, hakulala vizuri. Paka akitua kwenye bati, yeye alikuwa wima.

Akamwita fundi Gwakisa. Madirisha yote yakawekwa nondo nene, ncha zake zikazamishwa ukutani kwa saruji. Mlango wa nyuma ukazibwa kwa matofali, na wa mbele ukapata geti la chuma na kufuli. Mama mkwe wangu, Bibi Subilaga, aliyekuwa akiishi nasi, alikizunguka kile chuma kwa fimbo yake akicheka.

"Anyosisye, umejenga nyumba au mahabusu?"

"Mama, mwache mwizi aje. Atashikilia nondo kama nyani, kisha atakwenda zake."

"Na mimi nikitaka kwenda zangu?"

"Wewe uende wapi na nyonga hiyo?"

Tulicheka sote. Kufuli lilikuja na funguo tatu. Mbili Anyosisye alizitupa chooni, asije mtu akaiba mmoja na kuchonga wa kufanana nao. Wa tatu aliuvaa shingoni kwa kamba.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, akafa jirani wa nyumba ya nne. Bibi hakuweza kupanda mlima wa makaburini. Tulimwachia jiko la mkaa chumbani karibu na kitanda, tukaacha dirisha wazi kwa ajili ya hewa. Anyosisye akafunga geti kwa nje. "Nisipofunga," alisema, "watamkuta peke yake." Nami niliona amesema kweli. Sikubisha.

Mnajua desturi yetu: jeneza likishashuka, wanawake hutangulia kurudi kuandaa maji ya kunawa, wanaume hubaki kufukia kaburi. Tulipofika kwenye kona niliona moshi. Nilijiambia ni moshi wa jikoni msibani. Kisha nikaona unatoka dirishani kwangu.

Wifi yangu Atupele akageuka palepale kukimbilia makaburini. Simu za mkononi zilikuwa bado. Mimi nilikwenda dirishani. Bibi alikuwa amesimama ndani, amezishika nondo kwa mikono miwili. Nyuma yake godoro lilikuwa likiwaka.

"Mama, sukuma! Sisi tunavuta!"

"Ninasukuma, mwanangu."

Tulikuwa wanawake saba. Tulivuta kwa mikono, tukavuta kwa kanga zilizofungwa pamoja. Mmoja alipiga kufuli kwa mchi mpaka mchi ukavunjika. Wengine walimwaga maji kupitia dirishani, na moshi ukazidi kuwa mzito. Nondo hazikutikisika. Zilikuwa zimeanza kupata moto.

"Ufunguo uko wapi?" Bibi aliuliza.

"Unakuja, mama. Anyosisye anakuja nao."

Alikohoa kwa muda mrefu. Nilipitisha mkono wangu katikati ya nondo, naye akaushika. Hakupiga kelele. Alizitazama zile nondo kama mtu anayemtazama mgeni aliyekataa salamu.

"Hizi hazinijui," alisema. "Mimi ndiye mwenye nyumba, na hazinijui."

Akateremka taratibu, mkono wake ukanitoka. Niliendelea kuita. Hakuitika tena.

Anyosisye alifika na udongo wa kaburi mikononi. Kufuli lilifunguka kwa mzunguko mmoja tu. Akaingia, akamtoa, akamlaza uani. Wanangu, hata masizi ya kumfuta usoni yalikuwa machache. Moshi ndio uliomuua.

Kwenye matanga watu walibishana. Wengine walisema nondo zing'olewe mtaa mzima. Mmoja alizing'oa kweli, na kabla ya Krismasi wezi walikuwa wamekwisha kumvunjia nyumba. Sisi hatukuzing'oa zote. Fundi Gwakisa alikuja bila kuitwa, akakata nondo za dirisha moja la kila chumba, akazitia bawaba zifunguke kwa ndani. Ufunguo wa kila moja tuliutundika ukutani kando yake, mahali ambapo mkono unaufikia hata macho yakiwa yamefumbwa. Alifanya kazi siku mbili. Alipokuwa akiondoka alirudia maneno ya Bibi, kwa sauti ya chini, na watu wakayachukua kwake.

Basi kesho mnapowekewa nondo zenu, wekeni, wezi wapo. Lakini kabla fundi hajawasha mashine, msimamisheni, mmuulize: bibi yetu atatokea wapi. Akicheka, mkumbusheni msemo wake wa asubuhi: nondo haimjui mwenye nyumba.